Mhariri Mwalikwa au Mpiga Debe?

Ndugu msomaji, kama umewahi kuchapisha hata makala moja yenye barua pepe yako chini ya jina, bila shaka barua ya namna hii imeshakufikia. Ya kwangu ilinikuta hapa Songea, jioni ya mvua, umeme umekatika na simu ina chaji ya kuhesabu. "Mheshimiwa Profesa," ndivyo ilivyoanza. Mimi nina shahada ya uzamili tu, na picha za mahafali mama bado anawaonyesha wageni. Nikaambiwa kwamba kutokana na mchango wangu mkubwa katika fani, jarida fulani la kimataifa linanialika niwe mhariri mwalikwa wa toleo maalumu kuhusu akili mnemba katika uchumi wa bahari. Bahari! Mimi ninayeshughulika na udongo wa milimani, ambaye maji makubwa ya karibu ni Ziwa Nyasa, na hata hilo mpaka nishuke Mbamba Bay.

Nilicheka. Halafu, nikiri kwako, sikuifuta. Niliisoma mara ya pili, na ya tatu. Neno "mhariri" kwenye wasifu wa mtu ambaye hajafika miaka thelathini si jambo dogo. Linaonekana kwenye maombi ya ufadhili wa uzamivu, linaonekana kwenye usaili wa kazi. Na barua ilisema sihitaji kujua mengi: nilete majina ya waandishi kumi tu, mengine "ofisi itashughulikia".

Makala hii ni uhakiki wa barua ile na wa mtindo mzima ulioko nyuma yake. Sisemi kwamba matoleo maalumu ni utapeli. Ni moja ya kazi bora kabisa ambazo jarida linaweza kufanya, ndiyo maana inauma kuona yanavyochezewa.

Kosta ya kukodi

Toleo la kawaida la jarida la kisayansi ni kama daladala. Linabeba yeyote aliyefika kituoni akiwa na nauli, yaani makala iliyosomwa na wataalamu wenzake na kuonekana inafaa. Abiria hawajuani. Mmoja anashuka sokoni, mwingine hospitali.

Toleo maalumu ni kosta ya kukodi. Wote waliomo wanakwenda shughuli moja. Kuna mtu aliyeikodi, anayejua shughuli iko wapi, nani asipokuwepo shughuli haitanoga, na nani akidandia mlangoni aambiwe samahani ndugu, gari hili haliendi huko. Mtu huyo ndiye mhariri mwalikwa. Si mwajiriwa wa jarida. Ni mtafiti ambaye ameliandikia jarida pendekezo: hili ndilo swali, hii ndiyo sababu ya kuliuliza sasa, hawa ndio waandishi na ikisiri zao, hivi ndivyo makala zitakavyopitiwa, na hii ndiyo ratiba. Mhariri mkuu akikubali, anamwazima kiti kwa muda. Anamwazima tu, gari linabaki lake.

Tazama mfano wa hapa nyumbani. Jarida la Tanganyika Notes and Records lilianza mwaka 1936, na baada ya Muungano likawa Tanzania Notes and Records. Siku nyingi lilikuwa daladala kwelikweli: ndege, ngoma, magofu na miamba, vyote ndani ya jalada moja. Lakini mara chache lilifunga mlango na kuchukua mada moja. Toleo la 64 la mwaka 1965 lilikuwa la Kilimanjaro. Toleo la 71 la mwaka 1970 lilikuwa la Dar es Salaam, mji, bandari na eneo lake, na mhariri wake alikuwa John Sutton, mwanaakiolojia.

Angalia alivyojaza kosta yake. P. H. Temple aliandika kuhusu umbo la nchi ya Dar es Salaam na jinsi lilivyotokea. Neville Chittick akaandika kuhusu mabaki ya kale yaliyozunguka mji. Adolfo Mascarenhas akaandika kuhusu bandari. W. T. Casson akaandika kuhusu majengo. Sutton mwenyewe akachora historia ya miaka mia moja ya mji huo. Mtu wa mawe, mtu wa magofu, mtu wa meli, mtu wa nyumba. Kwa nini wakae pamoja? Kwa sababu kuna swali moja ambalo hakuna hata mmoja wao angelijibu peke yake: kwa nini mji huu, hapa, na kwa sura hii?

Chukua bandari tu. Ukiisoma peke yake ni hesabu ya meli na tani za mizigo. Ukiisoma baada ya kujua umbo la nchi, unaelewa kwamba bandari ile ni bonde la zamani lililomezwa na bahari, lenye mlango mwembamba na maji yaliyotulia ndani. Ukiongeza historia, unaelewa kwa nini Sultani Majid wa Zanzibar alipotafuta mahali pa kujenga miaka ya 1860 alipenda hapo. Makala tatu, na kila moja inaipa nyingine nguvu. Hiyo ndiyo kazi ya toleo maalumu. Kama ukichomoa makala moja na nyingine hazishtuki, basi ulichonacho ni daladala iliyopakwa rangi ya harusi.

Nalisifia toleo lile, lakini silisujudii. Kati ya majina matano niliyoyataja, manne ni ya wageni, na makala zao ni za Kiingereza. Mbeba mizigo wa bandarini aliyeandikwa humo asingeweza kusoma yaliyosemwa kuhusu kazi yake. Nitarudi kwenye jambo hili, kwa sababu linatuhusu sisi pia.

Mpiga debe anaingia

Ni nini basi kilichobadilika kati ya kosta ile na barua yangu ya bahari? Jibu fupi: nauli ilihama upande.

Zamani maktaba ndizo zilizolipa ili wasomaji wasome. Siku hizi majarida mengi yako wazi kwa msomaji yeyote mwenye intaneti, jambo jema sana kwa sisi tulio mbali na maktaba kubwa, lakini mara nyingi anayelipa ni mwandishi. Kila makala inayochapishwa ni ada inayoingia. Hapo mchapishaji anagundua jambo: mhariri mkuu mmoja ana macho mawili na saa ishirini na nne, hawezi kusukuma makala elfu. Lakini ukialika wahariri mia moja, kila mmoja na toleo lake maalumu, kila mmoja akileta rafiki zake, mlango mmoja umekuwa milango mia. Na hao mia huwalipi mshahara.

Matokeo yalionekana kwenye takwimu. Watafiti wanne, Mark Hanson, Pablo Gómez Barreiro, Paolo Crosetto na Dan Brockington, walihesabu kwamba makala zilizoingizwa kwenye hifadhidata kubwa za kisayansi mwaka 2022 zilizidi zile za mwaka 2016 kwa karibu asilimia 47. Watafiti duniani hawakuongezeka kwa kasi hiyo. Moja ya sababu walizozitaja ni mafuriko ya matoleo maalumu.

Kisha mafuriko yakabomoa daraja. Kampuni ya Hindawi ilianzishwa Cairo mwaka 1997, na kwa miaka mingi ilikuwa fahari ya bara letu: mchapishaji wa kisayansi kutoka Afrika aliyekua mpaka akatambulika dunia nzima. Mwaka 2021 kampuni ya Wiley ya Marekani iliinunua kwa karibu dola milioni 298. Haukupita muda ikaonekana kwamba matoleo yake maalumu yalikuwa yameingiliwa na viwanda vya makala, yaani vikundi vinavyotengeneza tafiti za uongo na kuuza nafasi ya jina la mwandishi. Mbinu ilikuwa rahisi: ukishamweka mtu wako kwenye kiti cha mhariri mwalikwa, yeye ndiye anayechagua wapitiaji, na wapitiaji ni haohao wenzake. Gari zima linajaa watu wasiokuwepo.

Mwezi Machi 2023 majarida 19 ya Hindawi yaliondolewa kwenye orodha ya Web of Science. Kufikia mwisho wa mwaka huo makala zaidi ya 8,000 za kampuni hiyo zilikuwa zimefutwa, nyingi zikitoka kwenye matoleo maalumu, na Wiley ikatangaza kwamba jina la Hindawi lenyewe litaachwa.

Usidhani haya ni ya mbali. Nina rafiki niliyesoma naye, mtu wa vipimo safi, aliyekesha maabara kwa kazi yake ya wadudu wa ghala. Alialikwa kwenye toleo maalumu la jarida moja, akalipa ada kwa kukopa, akachapishwa. Makala yake ni ya kweli, haijafutwa na haina kosa. Lakini jarida limeondolewa kwenye orodha, na alipopeleka wasifu wake mahali alipoomba kazi, aliambiwa makala hiyo haihesabiki. Alikata tiketi halali akapanda gari bovu. Deni bado analipa.

Ndiyo maana nasema toleo maalumu lenyewe halina kosa. Kosa ni kumtoa mhariri kwenye nafasi ya mwenye shughuli na kumfanya mpiga debe. Umewaona wapiga debe pale stendi: kazi yake ni gari lijae. Linakokwenda, breki zake, abiria wamekaaje, hayo hayamhusu. Gari likiondoka anageukia jingine. Barua yangu ya bahari haikuuliza hata mara moja ninataka kujua nini. Iliuliza nitaleta watu wangapi.

Maswali ya kuuliza kabla hujajibu

Basi siku barua ikikufikia, na itakufikia, usiifute kwa hasira wala usiikubali kwa furaha. Ipime.

Swali ni la nani? Kama mada imetungwa na ofisi, na ingeweza kutumwa kwa mtu mwingine yeyote bila kubadilisha neno, hilo si swali lako. Toleo maalumu zuri huanza na mtafiti anayesumbuliwa na jambo, akaenda kugonga mlango wa jarida. Likianza kwa jarida kugonga mlango wako saa mbili usiku, jiulize kwa nini.

Je, una uwezo wa kusema hapana? Uliza moja kwa moja: nikikataa makala saba kati ya kumi, toleo litatoka na tatu? Au litaunganishwa na la kawaida? Mhariri asiyeweza kukataa si mhariri.

Nani anashika usukani? DOAJ, orodha ya kimataifa ya majarida yasiyowatoza wasomaji, inataka mhariri mkuu abaki na wajibu wa kila kinachochapishwa, matoleo maalumu yakiwemo. Inataka pia makala za mhariri mwalikwa mwenyewe zipitiwe na watu wengine kabisa, na zisizidi asilimia 25 ya toleo. Hiki ni kipimo kizuri cha mkono. Ukikuta toleo lenye makala nane na mhariri amejipa tano, ujue shughuli ilikuwa ya nyumbani kwake.

Nani analipa, na anaambiwa lini? Kama ada haitajwi kwenye barua ya kwanza, itatajwa kwenye ile ambayo mwandishi uliyemwalika atakuwa ameshachoka kurudi nyuma. Na aliyemwalika ni wewe. Jina lako ndilo atakalolikumbuka.

Kosta ambayo Songea ingeweza kukodi

Uhakiki wa kulaumu tu ni rahisi. Tujaribu kujenga. Tuseme jarida zuri la hapa nchini linakubali kupokea pendekezo lako. Ungeuliza swali gani kutoka mkoa wa Ruvuma?

Wengi watasema Vita vya Majimaji, na wana haki: viongozi wa Kingoni walinyongwa hapa tarehe 27 Februari 1906, na makumbusho yako hapahapa Mahenge. Lakini shughuli hiyo imeshafanyiwa kazi nzuri. Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitumwa kukusanya masimulizi ya wazee, na mwaka 2010 James Giblin na Jamie Monson walihariri kitabu kizima cha sura za waandishi mbalimbali, ikiwemo ya Bertram Mapunda iliyounganisha akiolojia na masimulizi ya Ungoni. Mwenye swali jipya aje nalo. Mimi ningekwenda magharibi kidogo, kwenye milima ya Umatengo, wilayani Mbinga, nikauliza kuhusu ngoro.

Kama hujawahi kuziona, ngoro ni mashimo ya mraba yanayopangwa kwenye mteremko mkali mpaka mlima unaonekana kama sega la nyuki. Mwishoni mwa masika wanaume hufyeka majani, yakikauka huyalaza kwa mistari inayokatana na kuacha miraba. Wanawake huchimba udongo katikati ya kila mraba na kufunika majani yale, yakawa matuta. Juu ya matuta hupandwa maharage, kisha msimu unaofuata mahindi. Mvua ikinyesha, maji hayateremki na udongo. Yanaingia shimoni, yanatulia, yanazama taratibu. Magugu ya palizi hutupwa humohumo yakaoza. Mteremko ambao kwingine ungebaki mwamba mtupu unaendelea kulisha watu. Hakuna mhandisi aliyekuja kuwafundisha.

Sasa tazama maarifa haya yamelala wapi. A. H. Pike aliandika juu ya Wamatengo na hifadhi ya udongo mwaka 1938, kwenye jarida lilelile la Tanganyika Notes and Records. Miaka sitini baadaye, 1998, J. Itani alitathmini kilimo hicho kwenye African Study Monographs, jarida la Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani. Mwaka 2001 M. Kato akaandika humohumo kuhusu kilimo cha Wamatengo na matumizi ya mazingira yao. Chuo Kikuu cha Sokoine nacho kimefanya kazi huko kwa ushirikiano na Wajapani. Na kuna tasnifu za uzamili, yangu ikiwemo, zilizokaa kabatini zikisubiri mende. Kila abiria kapanda daladala yake, mwaka wake, njia yake. Hawajawahi kukaa gari moja.

Swali langu lingekuwa hili: ngoro zimeweza kushikilia udongo kwa vizazi, je, zitaweza kushikilia wachimbaji wake? Kwa sababu udongo ni nusu tu ya habari. Anayechimba ni mama mwenye jembe, na mgongo wake haumo kwenye vipimo vya mmomonyoko. Kahawa imechukua mashamba na muda. Vijana wanahamia kwenye ardhi tambarare ambako shimo halihitajiki. Ardhi yenyewe imegawanywa kwa ntambo, migongo ya milima kati ya vijito, na kila mgongo una ukoo wake. Ukoo ukigawanyika, shamba linagawanyika nao. Mtu wa udongo peke yake hawezi kulijibu swali hili. Wala mchumi, wala mwanahistoria, wala mtu wa lugha anayejua kila hatua ya kazi hii inaitwaje Kimatengo. Wakikaa pamoja, wanaweza.

Na ningekataa. Ningekataa makala nzuri ya mbolea iliyotaja Mbinga kwenye kichwa cha habari tu. Ningemkataa hata mwalimu wangu kama angeleta makala ya kahawa isiyogusa ngoro, ingawa hapo ningeomba mhariri mkuu ndiye aandike barua, maana heshima nayo ni kitu. Ndiyo sababu nyingine ya kutokwenda peke yako: mwanafunzi wa uzamili anayetaka kupendekeza toleo maalumu atafute mtu mzima wa fani wa kukaa naye kitini. Wewe utaandika barua, utafuatilia wapitiaji wanaochelewa, utahesabu siku. Yeye atasema hapana pale wewe utakaposhindwa kwa sababu ya umri.

Halafu ningeweka sharti moja ambalo toleo la 1970 halikuwa nalo: kila makala iwe na muhtasari wa Kiswahili wa ukurasa mzima, ulioandikwa kwa mkulima na si kwa kamati. Sio ikisiri ya mistari mitano iliyotafsiriwa na programu. Ukurasa ambao bibi wa Umatengo akisomewa na mjukuu wake anaweza kusema, "Hapo mmekosea, mwanangu."

Nimeshaanza kuandika pendekezo hilo, kurasa mbili mpaka sasa. Safu ya waandishi ina majina sita. Mahali palipoandikwa "kazi ya wanawake na muda wao shambani" bado ni wazi, na silijazi kwa jina la rafiki ili gari litoke mapema. Kama tasnifu yako imewahi kugusa jambo hilo, hata kwa sura moja, itoe kabatini uifute vumbi.

Ile barua ya bahari nimeijibu, kwa adabu. Niliwaambia wanitafutie swali kwanza, waandishi baadaye. Kesho yake walinitumia nyingine, safari hii kuhusu afya ya meno.